Picha ya Babu Mwenye Tarbushi: Jinsi ya Kutambua Sare na Alama za Jeshi la Mjerumani

Swali huja kwa sura ileile. Mtu anatuma picha ya picha, kaipiga kwa simu usiku, imepinda, mwanga wa taa umeng'aa katikati ya uso wa mzee. Chini kaandika: "Huyu ni babu yetu, alikuwa askari wa Mjerumani. Alikuwa na cheo gani?" Wa pili ana kifungo cha shaba alichookota shambani. Wa tatu ana bizimu ya mkanda yenye tai na anachotaka ni bei tu. Majibu ni yaleyale kila mara, basi nayaweka hapa yote kwa mpangilio, ili ukija kuuliza tuanzie mbele kidogo.

Niseme mapema: sare haikupi jina la mtu. Inakupa jeshi, kisha miaka, na ukibahatika inakupa kikosi. Jina linakuja mwisho, ukishajua ubishe hodi mlango upi. Wengi wanaanza na jina na hadithi ya ukoo, halafu wanailazimisha picha ikubaliane nayo.

Hapa nazungumzia hasa jeshi la Wajerumani la huku kwetu, Schutztruppe. Lilianzia kwenye kikosi alichokileta Hermann von Wissmann mwaka 1889 kupambana na Abushiri, likawa jeshi rasmi la koloni mwaka 1891, na likaweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Vitu vya majeshi ya Ujerumani kwenyewe nitavigusa kwa sababu navyo huletwa huku, na ndivyo vinavyouzwa sana kwa jina la "vya Mjerumani".

Uwe na nini kabla ya kuanza

Kioo cha kukuzia, kile kidogo cha sonara kinatosha. Rula. Sumaku ndogo, hata ya spika mbovu. Tochi. Penseli na daftari. Usiandike chochote nyuma ya picha kwa kalamu ya wino. Bahasha za karatasi za kuhifadhia, maana mfuko wa nailoni unafungia unyevu, na kwa joto la pwani picha inaoza ukiiangalia. Kama kuna duka la stationeri lenye skana, nenda nalo.

Usiwe na Brasso. Usiwe na ndimu na majivu. Mimi mwenyewe kifungo changu cha kwanza nilikisugua kwa ndimu hadi kikang'aa kama sarafu mpya, nikafurahi, kisha nikakigeuza: nyuma palikuwa na herufi za mtengenezaji, na nilikuwa nimezifuta zote isipokuwa mbili. Vumbi litoe kwa brashi laini. Kutu na ukungu wa kijani viache.

Onyo moja lisilo na mzaha: ukikuta shambani risasi nzima au kitu chochote kinachofanana na bomu, usikiguse, usikigonge, usikibebe kwenda kumwonyesha mtu. Weka alama mahali hapo, kaa mbali, waite polisi. Miaka mia na zaidi haijakizima.

Hatua 1: Ipige picha vizuri, mbele na nyuma

Weka picha karibu na dirisha mchana, bila flashi, simu ikiwa sambamba nayo. Kwenye skana, chagua 600 dpi au zaidi. Halafu igeuze. Nyuma ndiko kuna muhuri wa studio, mwaka, neno la Kijerumani la penseli, au mistari ya postikadi. Nimeshaletewa picha ambazo ukoo mzima umezibishania miaka na hakuna aliyewahi kuzitoa kwenye fremu.

Kitu cha chuma kipige pande zote mbili, na kando yake weka rula.

Hatua 2: Hakikisha haijageuzwa kushoto kulia

Picha za zamani zilichapwa kutoka kwenye kioo, na fundi akikosea upande, kushoto kunakuwa kulia. Angalia koti: la mwanamume, upande wake wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Angalia bunduki: mkono wa kukokia uko upande wa kulia. Vikienda kinyume, igeuze kwenye simu kabla hujasema neno lolote kuhusu tepe. Ni kazi ya nusu dakika, ila kuiruka kunaharibu hatua ya tano yote.

Hatua 3: Usiziamini rangi

Watu wengi hukwama hapa. Bamba za picha za wakati ule hazikuona rangi kama tunavyoziona sisi. Nyekundu ilitoka nyeusi, buluu ikatoka nyeupe nyeupe. Kwa hiyo "kofia nyeusi" ya babu pengine ilikuwa tarbushi nyekundu, na vitambaa vyeupe miguuni huenda vilikuwa vya buluu. Na zile picha za zamani zilizotiwa rangi kwa kompyuta siku hizi, usizitumie kabisa kama ushahidi. Kompyuta imekisia tu.

Hatua 4: Soma kuanzia kichwani kushuka chini

Andika unachokiona, usiandike unachojua. "Kofia ndefu, kitambaa cha rangi ya khaki, kipande kinaning'inia shingoni", siyo "kofia ya askari wa Mjerumani".

Kichwani: askari wa Schutztruppe alikuwa na tarbushi nyekundu, urithi wa Wasudani ambao Wissmann aliwaandika Misri. Kazini ilikuwa kofia ya umbo hilohilo la tarbushi, kiunzi cha matete kilichovikwa kitambaa cha khaki, na mara nyingi ina kitambaa cha kukinga shingo na jua. Mbele, tai wa chuma. Mlete karibu na kioo. Tai wa Kaisari ana taji juu yake, mabawa yamepanda juu na manyoya yameachana kama vidole, na kifuani ana ngao.

Mwilini: koti la khaki, mkanda wa ngozi, mifuko ya risasi kiunoni. Miguuni: suruali ndefu iliyofungwa kwa vitambaa vya kuzungushia kutoka kwenye kifundo hadi karibu na goti, na viatu vya ngozi. Hiyo suruali ndefu na viatu viandike kwa herufi kubwa, nitavirudia.

Mzungu kwenye picha ni rahisi zaidi. Schutztruppe walikuwa na kofia pana ya kijivu yenye ukingo uliokunjwa juu upande wa kulia na kubanwa kwa kidude cha duara cha rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Utepe wa kofia ulitaja koloni: nyeupe ni Afrika Mashariki, buluu ni Afrika Kusini Magharibi (Namibia ya leo), nyekundu ni Kameruni. Lakini huku kwetu wengi walivaa helmeti ya jua, kwa hiyo kutokuwepo kwa kofia ile hakusemi kitu. Ofisa msome begani: luteni hana nyota, Oberleutnant ana moja, Hauptmann mbili. Wenye kamba zilizosukwa begani wameanzia umeja, nao wanaanza kuhesabu upya: Major hana nyota, Oberstleutnant moja, Oberst mbili.

Hatua 5: Hesabu tepe

Vyeo vya askari havikuwa vya Kijerumani. Vilikuja na Wasudani kutoka jeshi la Misri, na huko vilitoka kwa Waturuki. Tepe zilikuwa nyekundu (kwenye picha zitakuwa nyeusi, kumbuka hatua ya tatu), juu ya mkono wa kushoto:

- hana tepe: askari
- moja: Ombascha
- mbili: Schausch
- tatu: Betschausch
- nne: Sol

Juu yao kulikuwa na Effendi, Mwafrika mwenye hadhi ya ofisa, nao walikuwa wachache mno. Ombasha na shaushi utavikuta bado kwenye kamusi za Kiswahili, na efendi huyo ndiye "afande" unayempigia saluti kituoni leo. Mturuki kafika mpaka Chang'ombe bila nauli.

Kosa la kawaida: kuona tepe mbili na kuandika "koplo" kwenye kaburi au kwenye kitabu cha ukoo. Andika jina la cheo kama lilivyokuwa, Schausch, na "koplo" iwe maelezo ya pembeni.

Kosa jingine ni kuona mkunjo wa shati ukadhani ni tepe. Kwa kioo cha kukuzia, tepe halisi ina kingo mbili sambamba na inakata mikunjo ya kitambaa. Mkunjo hufifia upande mmoja.

Hatua 6: Mlinganishe na majirani zake

Tarbushi haikuwa ya Mjerumani peke yake. Hili nalirudia kila wiki. King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza lililoundwa 1902, nao walivaa tarbushi. Force Publique ya Wabelgiji kutoka Kongo nao walivaa, na hao waliiteka Tabora Septemba 1916, kwa hiyo picha ya Tabora au Kigoma yenye mtu wa tarbushi inaweza kuwa ya majeshi matatu tofauti.

Dada mmoja wa Muheza aliniletea picha ya babu wa mama yake. Ukoo wote wanasema Mjerumani, na hata jina la utani la mzee lilikuwa la Kijerumani. Tarbushi ipo, mkanda upo. Nikaanza juu, nikashuka. Nilipofika magotini nikasimama: kaptura. Magoti wazi, vitambaa chini yake, na miguu haina viatu. Kaptura na miguu mitupu ni dalili kubwa ya KAR, ingawa si hukumu. Tukaitoa picha kwenye fremu. Nyuma, kwa penseli iliyofifia, "Nairobi". Babu alikuwa wa Mwingereza. Je, jina la utani? Linawezekana kabisa: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia KAR iliandikisha watu waliokuwa askari wa Mjerumani, mtu akatumikia bendera mbili. Hadithi ya ukoo haikuwa uongo. Picha ndiyo ilikuwa ya sura ya pili ya maisha yake.

Na ile sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, usiitumie kama kielelezo cha askari wa Mjerumani. Ni ya upande wa Mwingereza, pamoja na wapagazi wake.

Hatua 7: Uliza ni mwaka gani wa vita

Yote niliyosema hatua ya nne ni ya wakati wa amani, wakati makampuni 14 ya jeshi lile, askari wasiozidi 2,600 hivi mwaka 1914, yalikuwa na ghala na mafundi cherehani. Vita vilipokolea, Waingereza walizuia bahari. Meli mbili tu za shehena zilipenya: Rubens iliyofika ghuba ya Manza karibu na Tanga 1915, na Marie iliyoingia Sudi, kusini, Machi 1916. Vingine vilitengenezwa hukuhuku: nguo iliyofumwa na kutiwa rangi kwa miti ya kienyeji, viatu vya ngozi ya hapa. Halafu tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, alivuka Ruvuma, akaipiga ngome ya Wareno Ngomano na kuchukua bunduki na vifaa vyao. Kuanzia hapo mtu wa Schutztruppe anaweza kushika bunduki ya Mreno na kuvaa chochote kilichomtosha.

Kwa hiyo sare nadhifu kamili: ielekeze kabla ya 1916. Sare ya viraka: usiikatae haraka.

Hatua 8: Kama ulichonacho ni kitu, si picha

Bizimu ya mkanda. Soma maandishi. "Gott mit uns" ni Prussia. "In Treue fest" ni Bavaria. "Furchtlos und treu" ni Württemberg. "Providentiae memor" ni Saxony. Hizo ni za majeshi ya Ujerumani kwenyewe, kwa hiyo ukiambiwa bizimu ya Bavaria imetoka kwa askari wa Mahenge, uliza maswali zaidi.

Tai. Akiwa amenyoosha mabawa bapa na kushika duara lenye swastika, huyo ni wa enzi ya Hitler. Jeshi la Ujerumani lilianza kuvaa alama hiyo 1934, miaka kumi na sita baada ya Abercorn. Hakuna askari wa Tanganyika aliyeivaa chini ya Lettow-Vorbeck, na helmeti ya chuma hali kadhalika. Yule "Afrikakorps" wa mnazi na swastika ni wa jeshi la Hitler huko Afrika Kaskazini, 1941 hadi 1943. Huo mnazi umewapoteza wengi. Ukikipata kitu cha namna hii, jua pia kwamba Ujerumani sheria inabana uonyeshaji wa swastika hadharani, kwa hiyo fikiri kabla ya kukipeleka huko.

Msalaba wa chuma. Tazama mkono wa chini, kuna mwaka: 1870, 1914 au 1939. Wa 1914 una taji juu na W katikati. Kwa kawaida msalaba halisi ni kiini cha chuma cheusi ndani ya fremu ya fedha, kwa hiyo sumaku hushika katikati. Usiposhika kabisa, na ukingo hauna mshono, mashaka ni makubwa.

Nishani. Ile ya makoloni, iliyoanzishwa 1912, ina kipande cha chuma kwenye utepe chenye jina la koloni na miaka. "Deutsch-Ostafrika 1905/07" ni Maji Maji. Beji ya tembo chini ya mti ilitolewa Ujerumani baada ya vita, miaka ya 1920, kwa waliotumikia makoloni. Si sare ya vitani.

Koti. Geuza bitana. Muhuri wa "B.A." na namba ya Kirumi ni ghala la mavazi la kikosi kikuu cha jeshi (Armeekorps) cha namba hiyo, na mara nyingi mwaka upo. Koti bila muhuri linaweza kuwa halisi, lakini bei yake isiwe ya lenye muhuri.

Maganda ya risasi yanasaidia kutambua uwanja wa vita kuliko sare. Ganda nene la milimita 11 ni la bunduki ya zamani ya m/71, ile ya baruti ya moshi ambayo askari wengi walikuwa nayo bado 1914. Ganda jembamba lenye ukingo uliotokeza kitakoni ni la Mwingereza. Lisilo na ukingo huo, la milimita 7.92, ni la Mauser ya Mjerumani. Maganda matupu tu, tafadhali.

Hatua 9: Sasa tafuta jina

Andika jina jinsi karani Mjerumani alivyolisikia. Sh inakuwa sch, ch inakuwa tsch, j yetu inakuwa dj au dsch, na y inakuwa j. Shabani ni Schabani, Juma ni Djuma, Yusufu ni Jussuf. Na mji vilevile: Moschi, Aruscha, Muansa, Udjidji, Bagamojo, Kilossa, Daressalam. Mingine ilibadilishwa kabisa: Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga.

Milango ya kubisha: Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina mafaili ya utawala wa Kijerumani, uliza taratibu za kibali kabla hujapanda basi. Bundesarchiv mjini Berlin ina mafaili ya wizara ya makoloni, kundi R 1001, na orodha yake inatafutika mtandaoni. Kwa kulinganisha sare, hakuna kinachozidi mkusanyo wa picha za Deutsche Kolonialgesellschaft ulioko maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Uko mtandaoni, andika "Askari" na jina la mji kwa tahajia niliyotaja.

Kama mtu wako ni Mjerumani wa jeshi la Prussia, jiandae: hifadhi ya Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945, na mafaili mengi ya watu yaliteketea. Wa Bavaria wana nafuu, daftari zao ziko München.

Wazee nao ni hifadhi, ila usiwawekee jibu mdomoni. Usiulize "Si alikuwa askari wa Mjerumani?" Uliza: alilipwa na nani, wapi, lini? Miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliokuwa hai, na inasimuliwa kwamba wapatao 350 walifika Mwanza. Wachache walikuwa na cheti cha 1918, wengine walishika vipande vya sare kuukuu. Wasio na kitu wakapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani kufanya gwaride la silaha, na hakuna aliyekosea. Bibi anayekumbuka "alikwenda Mwanza kuchukua hela za Mdachi" amekupa ushahidi mzito kuliko kifungo.

Ukikwama

*Ana bunduki lakini hana sare.* Huenda ni ruga-ruga, wapiganaji wa msaada waliovaa nguo zao. Huenda ni mpagazi aliyeshikishwa bunduki kwa ajili ya picha. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na hawana aibu yoyote. Waandike kama walivyokuwa.

*Dalili zinagongana.* Rudi hatua ya pili na ya saba. Zikigongana bado, fikiria polisi. Polisi wa koloni walivaa karibu sawa na wanajeshi, na kwa picha yenye ukungu siwatenganishi.

*Muuzaji anasema ni cha Schutztruppe na kina hadithi ndefu.* Omba picha ya nyuma ya kitu. Hadithi inarefuka pale nyuma ya kitu inapokuwa nyeupe na mpya.

*Mtu anataka kununua "rupia ya Mjerumani" au beji kwa mamilioni, ila kwanza utume hela ya vipimo.* Kata simu. Rupia za Mjerumani zipo, zilipigwa kwa wingi, na hakuna zebaki ndani yake wala radi.

*Unataka kukipeleka kitu nje ya nchi.* Uliza kwanza Idara ya Mambo ya Kale, kabla hujakifunga kwenye begi.

*Jina halipatikani kabisa.* Ndivyo ilivyo kwa wengi. Weka picha kwenye bahasha, na juu ya bahasha, kwa penseli, andika ulichofikia na kwa nini: "Tarbushi ya khaki, suruali ndefu, viatu, tepe mbili kushoto. Schutztruppe, Schausch, pengine kabla ya 1916. Polisi haijaondolewa." Ongeza tarehe na jina lako, ili atakayeifungua baadaye ajue pa kuanzia.